Namba 40, 15W-40 au 20W-50? Ulinganisho wa oili kwa injini ndogo ya dizeli ya boti katika Ziwa Tanganyika

Mwenye boti anayeingia duka la vipuri pale Mwanga, mjini Kigoma, na kuomba oili ya injini ya dizeli, kwa kawaida huulizwa swali moja tu: "Namba ngapi?" Akisema arobaini, dumu linawekwa mezani, akisita, muuzaji humchagulia lililo karibu na mkono wake. Swali hilo si baya, ila linaacha nje nusu ya jambo, na kwa maoni yangu ndiyo nusu iliyo nzito zaidi, kwa kuwa madumu mawili yenye namba ileile yanaweza kupishana kwa ubora kuliko madumu mawili yenye namba tofauti.

Ulinganisho huu unamhusu mtu mwenye injini ya dizeli ya silinda moja hadi tatu, yenye nguvu za farasi kati ya 8 na 30 hivi, iliyofungwa ndani ya boti la mbao linalotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, au linalobeba dagaa na mizigo kuelekea kusini. Wenye injini za nje za petroli hawahusiki moja kwa moja, lakini watatajwa, kwa sababu oili zao hukaa rafu moja na zetu na si ajabu zikaishia ndani ya dizeli kimakosa. Bei sitaziweka, kwani dumu lililosafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam hubadilika bei mzigo mpya unapoingia. Nitalinganisha kwa lita na kwa saa za kazi, vipimo ambavyo havipandi wala kushuka.

Maandishi mawili ya kusoma kwenye dumu

Andiko la kwanza ni la SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, nalo hueleza uzito wa oili, yaani inatiririka kwa urahisi au kwa shida kiasi gani. Namba ya 30, 40 au 50 hutokana na kipimo kinachofanywa oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, ambalo linakaribiana na joto la oili ndani ya injini iliyo kazini. Namba inayofuatwa na herufi W huhusu baridi: oili ya 15W hujaribiwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haijulikani Kigoma. Alfajiri ya mwezi Julai, upepo wa kusini ukivuma, nahodha huvaa koti, lakini hewa bado iko juu ya nyuzi 15 na maji ya juu ya ziwa hubaki na uvuguvugu wa nyuzi zaidi ya 20. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sifa zinazotangazwa na oili za kisasa kuhusu kuwaka kwenye baridi ni sifa ambazo hapa hatuzitumii, ingawa, kama nitakavyoeleza, si zote.

Andiko la pili ni la Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, nalo hueleza daraja la oili. Herufi S ni ya injini za petroli na herufi C ni ya dizeli. Baada ya C hufuata herufi inayosogea mbele kadiri miaka inavyokwenda: CD ilianza mwaka 1955, CF mwaka 1994, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006, na CK-4 mwishoni mwa mwaka 2016. Tarakimu 4 humaanisha injini ya mipigo minne. Dumu likiandikwa CI-4/SL, mtengenezaji alikusudia dizeli kwanza na petroli baadaye. Likiandikwa SN/CF, alikusudia petroli kwanza. Mpangilio huo ni mdogo kwa macho, lakini kwa dizeli inayobeba mzigo una maana kubwa.

Dizeli huzalisha masizi mengi kuliko petroli, na salfa iliyomo ndani ya mafuta yake, ikichanganyika na mvuke wa maji, hutengeneza asidi. Oili ya daraja la dizeli hutiwa sabuni ya kusafisha, dawa ya kuyatawanya masizi yasigandane, na akiba ya kupambana na asidi ambayo hupimwa kwa kipimo kiitwacho TBN. Ndiyo maana oili ya dizeli hugeuka nyeusi saa chache baada ya kumwagwa na kuwekwa mpya. Mara nyingi watu huichungulia kwenye kijiti cha kupimia na kuamua kwamba imekufa, kumbe weusi huo ni ushahidi kwamba inafanya kazi yake: masizi yamo ndani ya oili, hayajashika kwenye ringi za pistoni. Oili ya dizeli inayobaki ya rangi ya asali baada ya wiki mbili za kazi ndiyo ya kutiliwa shaka.

Namba 40 ya uzito mmoja na 15W-40

Hapa ndipo ubishi wa kweli ulipo, kwa sababu pande zote mbili zina hoja. Oili ya namba 40 ya uzito mmoja, ambayo kwenye dumu huandikwa SAE 40 bila W yoyote, na 15W-40 hukutana katika joto la kazi: zote ni 40 zikifika nyuzi 100. Tofauti iko kabla ya hapo. Katika nyuzi 40, joto la kawaida la boksi la injini lililoanikwa juani mchana, 15W-40 huwa na uzito wa takriban 110 katika kipimo cha maabara, wakati SAE 40 hukaribia 145. Alfajiri, injini ikiwa imelala, pengo hilo huwa pana zaidi. Anayeanzisha injini kwa hendeli huliona pengo hilo kwa bega lake kabla ya kulisoma popote: na SAE 40 mzunguko wa kwanza huwa mzito kama unakoroga ugali ulioiva, na oili huchelewa kufika kwenye beringi za krenki na kwenye roka za juu.

Hoja ya upande wa SAE 40 ni kwamba haina plastiki. Ili oili moja iwe nyepesi asubuhi na ibaki nzito mchana, watengenezaji huiongezea polima ndefu zinazovimba kwa joto, na polima hizo hukatikakatika kadiri gia na beringi zinavyozisaga, kiasi kwamba 15W-40 iliyotumika muda mrefu hupoteza sehemu ya uzito wake. SAE 40 haina cha kukatika. Kwa injini ya zamani yenye nafasi pana kati ya pistoni na silinda, inayokimbia kwa mizunguko michache na kwa mwendo uleule kutwa nzima, kama zile za silinda moja za kulala zinazotengenezwa China, hoja hiyo ina uzito, na vitabu vya injini nyingi za aina hiyo bado vinairuhusu oili ya uzito mmoja katika nchi za joto.

Lakini kuna jambo ambalo wapenzi wa namba 40 hawalisemi, nalo ni daraja. Sehemu kubwa ya oili ya uzito mmoja inayouzwa hapa ni ya CD au CF, na nyingine, hasa ile inayopimwa kwa lita kutoka kwenye pipa, haina daraja linaloweza kuthibitishwa. Oili za 15W-40 zilizo madukani kwa kawaida ni CH-4 au CI-4. API yenyewe inaeleza kwamba CI-4 inaweza kutumika mahali pa CD, CE, CF-4, CG-4 na CH-4, na kwamba iliundwa ivumilie dizeli yenye salfa hadi nusu ya asilimia moja. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, kwa hiyo kwa mafuta ya kituo halali CI-4 ina akiba ya kutosha na kusaza. Na kwa wale wanaojaza madumu yasiyojulikana yalikotoka, akiba hiyo ndiyo inayowaokoa bila wao kujua.

Kuna pia suala la joto la injini ya boti, ambalo halifanani na la gari. Injini nyingi ndogo za boti zinazopozwa moja kwa moja na maji ya ziwa zilibuniwa kwa ajili ya bahari, na ili chumvi isigande ndani ya njia za maji, kidhibiti joto chake hufunguka mapema, kwenye nyuzi 50 hivi. Maji yetu hayana chumvi ya bahari, lakini kidhibiti hakijui hilo. Matokeo yake ni kwamba oili haipati joto la kutosha kukausha mvuke unaoingia, hasa kwa boti linalovuka vituo vifupi, na maji kidogo hubaki yakichanganyika na asidi. Katika hali hiyo oili yenye sabuni na akiba nzuri ya TBN ina faida kuliko oili yenye uzito mzuri tu, na hapo 15W-40 ya CI-4 huishinda SAE 40 ya CD hata kabla ya kulinganisha kitu kingine.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Injini ya silinda mbili au tatu, yenye filta ya oili na kitabu kisichokataza, iwekewe 15W-40 ya CI-4, au CH-4 ikikosekana. Injini ya silinda moja ya kulala, yenye chujio la waya tu badala ya filta ya karatasi, inaweza kubaki na SAE 40, mradi dumu liandikwe CF na oili imwagwe mapema. Kama ipo SAE 40 ya daraja la juu zaidi, ni bora zaidi, ila mimi huiona kwa nadra.

Anayehama kutoka moja kwenda nyingine asihame kwa furaha niliyohama nayo mimi. Nilinunua boti lenye injini ya zamani ya silinda mbili ambayo mwenyewe wa kwanza alikuwa akiilisha oili ya kupima kwa miaka. Nikaisafisha kwa juujuu, nikaweka 15W-40 mpya, nikaondoka nikijiona nimeitendea haki. Baada ya saa kama 20 za kazi, tukiwa tumekwisha kuipita Gombe, taa ya presha ya oili ikaanza kupepesa, kisha ikawaka moja kwa moja. Tulizima, tukasukumwa na mawimbi hadi boti jingine lilipotuvuta. Fundi alipofungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, alikuta chujio la njia ya oili limezibwa na tope jeusi lenye mng'ao wa lami: sabuni ya oili mpya ilikuwa imebandua uchafu wa miaka yote na kuupeleka pale pale palipo pembamba. Injini haikunoki, lakini ilikaribia. Tangu hapo, nikihamisha injini chafu, oili ya kwanza huimwaga baada ya saa 10, ya pili baada ya saa 25, na chujio hulifungua mara zote mbili.

20W-50: oili ya mzigo?

"Kaka, boti lako linabeba, weka hamsini," ndivyo fundi mmoja alivyoniambia, na ndivyo wengi wanavyoamini. Mantiki yake ni kwamba oili nzito hubeba mzigo mzito. Ukweli ni kwamba beringi huhitaji utando wa oili wa unene fulani ulioamuliwa na mtengenezaji alipokata nafasi zake, na oili nzito kuliko hiyo hupita polepole, hupoza kidogo na hula sehemu ya nguvu za injini. Boti likizidiwa mzigo na kutoa moshi mweusi, dawa yake ni kupunguza mzigo au kubadili pangaboi, si kuongeza uzito wa oili.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba oili nyingi za 20W-50 zinazouzwa mjini zimekusudiwa petroli, yaani pikipiki na magari ya zamani, na daraja lake la kwanza huwa S. Zinaandikwa CF au CD pembeni, na andiko hilo ndilo linalomdanganya mnunuzi. Mahali pekee ninapokubali 20W-50 ni kwenye injini iliyochoka, inayokula oili na kutoa moshi wa bluu, ambayo mwenyewe anaivusha hadi apate fedha za ovahoo. Hata hapo iwe ile yenye CF-4 au zaidi, na mwenye boti ajue ananunua muda tu.

Oili za sinthetiki na madaraja mapya

Oili ya sinthetiki ya 5W-40 ni nzuri, na sina ubishi na wanaoitengeneza. Ninachobisha ni kama injini yetu inaweza kuutumia uzuri huo. Faida zake tatu kubwa ni kuwaka kwenye baridi kali, kuvumilia joto la taboni (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini), na kukaa muda mrefu bila kumwagwa. Baridi kali hatuna. Injini nyingi za farasi 8 hadi 30 hazina taboni. Na muda wa kumwaga oili ya boti hauamuliwi na kuchoka kwa oili yenyewe, bali na masizi, maji na dizeli vinavyoingia humo, ambavyo huichafua sinthetiki sawasawa na vinavyoichafua oili ya kawaida. Ukimwaga sinthetiki kila saa 150, umemwaga fedha. Ukiiacha saa 400 kwa sababu ni ghali, umeacha uchafu wa saa 400.

Kwa injini mpya au iliyotoka ovahoo kuna sababu ya ziada ya kuiepuka. Ringi mpya zinahitaji msuguano kidogo ili zikae vizuri kwenye ukuta wa silinda, na oili laini mno pamoja na mwendo wa kulegeza, ule wa kusubiri abiria huku injini inaunguruma bila kazi, huufanya ukuta wa silinda ung'ae kama kioo. Silinda iliyong'aa hivyo haishiki oili, na injini huanza kula oili ikiwa bado mpya. Saa 50 za mwanzo zitumie oili ya kawaida na mzigo wa wastani, kisha imwagwe.

Madaraja mapya ya CJ-4 na CK-4 yaliundwa zaidi kwa ajili ya malori yenye vichujio vya moshi kwenye ekzosi, na ili vichujio hivyo visizibe, kiasi cha majivu yanayotokana na oili kiliwekewa kikomo. Hayadhuru injini ya boti, lakini API inatoa tahadhari kwamba yakitumiwa na dizeli yenye salfa zaidi ya sehemu 15 kwa milioni, muda wa kumwaga unaweza kuathirika. Na dizeli yetu inaruhusiwa kufika 50. Kwa bei ya juu na bila kichujio cha kulindwa, sioni sababu ya kuyachagua mbele ya CI-4. Daraja la FA-4, ambalo huja kwa uzito mwepesi unaoishia na 30, lisiwekwe kabisa kwenye injini za zamani.

Madumu yenye picha ya boti

Dumu lenye picha ya boti na wimbi la buluu humvutia mwenye boti, na hapo ndipo penye hatari. Oili iliyoandikwa TC-W3 ni ya injini za nje za petroli za mipigo miwili. Imeundwa ichanganywe na petroli na kuungua pamoja nayo bila kuacha majivu, kwa hiyo haina sabuni wala akiba ambayo dizeli inaihitaji. FC-W ni ya injini za nje za mipigo minne, nayo ni ya petroli. Zote mbili ni oili nzuri mahali pake, na mahali pake si kwenye sampu ya dizeli.

Upande wa pili kuna oili ya meli, ambayo mara chache hufika mikononi mwetu ndani ya mapipa, ikiwa na TBN ya 30 au 40. Katika mji uliolelewa na MV Liemba, meli kongwe ya ziwa hili, neno "ya meli" lina heshima, na mtu anaweza kudhani amepata kitu chenye nguvu kuliko cha dukani. Oili hiyo hutengenezwa kwa injini kubwa zinazochoma mafuta mazito yenye salfa nyingi. Kwenye injini ndogo inayochoma dizeli safi, akiba hiyo kubwa haipati asidi ya kupambana nayo, na hubaki kama majivu magumu juu ya pistoni na kwenye nafasi za ringi. Nguvu isiyo na kazi hapa inageuka kuwa uchafu.

Giaboksi pia isisahaulike, ingawa kwa maneno machache: baadhi hutumia oili ileile ya injini, nyingine hutumia mafuta mekundu ya giaboksi za otomatiki, na kuzibadilisha bila kusoma kibao au kitabu ni kuchoma klachi zilizo ndani yake.

Saa za kazi, mlalo wa boti na miezi ya kusimama

Nikilazimishwa kuchagua kati ya oili bora inayomwagwa ovyo na oili ya wastani inayomwagwa kwa saa, nitachukua ya pili bila kufikiri. Vitabu vingi vya injini ndogo za boti hutaka oili imwagwe kila baada ya saa 100 hadi 250. Boti linalofanya kazi saa sita kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hufikisha saa 150, kwa hiyo hesabu rahisi ni kumwaga kila mwezi. Chukua injini ya farasi 10 inayotumia wastani wa lita 1.2 za dizeli kwa saa na kubeba lita 3 za oili: katika saa hizo 150 itachoma lita 180 za dizeli. Oili ni lita moja kwa kila lita 60 za mafuta. Anayebana matumizi kwenye oili anabana sehemu ndogo kabisa ya gharama zake na kuihatarisha sehemu kubwa kabisa.

Kupima kiwango kunahitaji uangalifu ambao magari hayaudai. Injini ya boti imelazwa kuelekea kwenye shafti ya pangaboi, na kijiti chake kilitiwa alama kwa mlalo ule ambao boti huwa nao likielea. Pale Kibirizi boti hupandishwa pua kwenye mchanga, nyuma ikabaki chini, na oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampu. Kijiti kikiwa mbele husema imepungua, kikiwa nyuma husema imejaa. Nimemwona kijana akiongeza lita nzima katika hali hiyo, na boti lilipoelea, krenki ikawa inaipiga oili hadi ikatoa povu na kutapika kupitia njia ya kupumulia. Boti lielee, litulie, injini iwe imezimwa kwa dakika kumi hivi, ndipo kijiti kichomolewe.

Kijiti hichohicho kina habari nyingine. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hakuna aina ya oili itakayotibu gasketi ya silinda, sili ya pampu ya maji au maji yanayorudi kupitia ekzosi. Kiwango kikipanda badala ya kushuka, na oili ikanuka dizeli, chunguza pampu ndogo ya mafuta na nozeli kabla ya safari inayofuata.

Boti la dagaa, tofauti na la abiria, husimama kila mwezi wakati wa mbalamwezi, na sasa kuna kusimama kurefu zaidi: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Wengi walizima injini siku ya mwisho na kuweka oili mpya siku ya kufunguliwa. Ingekuwa bora kinyume chake. Oili iliyotumika ina maji na asidi, na miezi mitatu ya utulivu ni muda wa kutosha kwa asidi hiyo kula beringi na kwa kutu kuanza kwenye silinda. Injini ipashwe moto, oili inyonywe ikiwa ya vuguvugu kwa pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti pale ambapo nati ya chini haifikiki, mpya iwekwe, injini iendeshwe dakika chache ili oili safi ifike kila mahali, kisha ndipo ifunikwe. Kwa matumizi haya 15W-40 ya CI-4 inatosha kabisa.

Wakati wa kulipa

Dumu lililofungwa na lenye alama ya Shirika la Viwango, TBS, namba ya toleo iliyochapwa na sili isiyoguswa ni bora kuliko maelezo yoyote ya muuzaji. Sili iliyogundishwa upya kwa moto huwa na ukingo usio sawa. Ipapase kwa ukucha. Madumu ya lita 5 yanafaa kwa injini moja, ndoo ya lita 20 inawafaa wenye maboti matatu au manne wanaoweza kuchangishana, na hununuliwa kwa nafuu zaidi kwa lita. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa lililo wazi siinunui hata kama ni ya chapa ninayoiamini, kwa kuwa pipa hilo limejazwa na nani na mara ngapi, hakuna ajuaye. Ukipata oili inayokufaa, andika kwa rangi ndani ya kifuniko cha boksi la injini namba yake, daraja lake na saa uliyoiweka, maana fundi atakayeifungua huko njiani huenda asiwe yule uliyemzoea.

Oili iliyomwagwa irudishwe kwenye dumu tupu, isiachwe kwenye maji machafu ya ndani ya boti ambayo asubuhi yatachotwa na kutupwa ziwani, palepale watu wanapochota ya kunywa. Mafundi seremala wanaojenga maboti huipokea oili chafu kwa ajili ya kupaka mbao dhidi ya mchwa, na wengine huilipia, kidogo.